Kinyago Kina Mwenyewe



Leo nimekuja na ugomvi, na ninaogombana nao ni sisi wenyewe. Nawasema walimu, wanafunzi na mashabiki wa Kiswahili, ambao mtu akinukuu ubeti bila kumtaja mtunzi wake tunamshukia kama kipanga. Sisi hao hao tukikutana na kinyago kinachocheka, picha ya twiga mwenye madoa ya buluu, au kuku wa bati aliyepanda baiskeli, tunauliza bei tu. Jina la aliyekifanya hatuliulizi. Dai langu ni hili: kwa kuwa kazi hizo hufurahisha na kuchekesha, tumejiaminisha kwamba hazina mwenyewe. Tumekosea, na kosa hilo limekwisha kuingia hata katika msamiati wetu.

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili nisionekane najipakaza marashi. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na kazi hiyo niliifanya hadi nilipostaafu. Katika darasa langu moja alikuwamo kijana aliyechora pembezoni mwa daftari. Siku moja, chini ya maelezo ya vina na mizani, nilimkuta amechora kobe aliyevaa kanzu na miwani, ameshika chaki, anafundisha vifaranga. Kobe yule alikuwa mimi. Darasa zima lilicheka, nami nikaichana ile karatasi mbele yao. Nikamwambia kwamba fasihi haina nafasi ya upuuzi. Nilidhani nimelinda heshima ya somo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mvi zangu, nilimwona mtu mzima kando ya barabara jijini Dar es Salaam akikata makopo ya mafuta ya kupikia kwa mkasi. "Shikamoo, mwalimu," akaniamkia. Sikumkumbuka mpaka alipotaja kobe. Mbele yake palikuwa na samaki waliovaa viatu, bundi mwenye tai, na yule kuku wa bati niliyemtaja hapo juu, ambaye ukimsukuma miguu yake huzungusha pedali. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikicheka peke yangu. Kisha nikamgeuza kuku nitazame chini yake. Hapakuwa na kitu. Nikamuuliza kwa nini haandiki jina lake. Akajibu, bila uchungu wowote, "Mwalimu, yule anayeninunulia kwa jumla amesema jina langu linaharibu bidhaa." Baadaye nilimkuta kuku kama yule katika duka moja, bei yake imepanda mara kadhaa, na shingoni ana kikaratasi chenye jina la duka.

Nilikuwa tayari kumkasirikia mwenye duka. Lakini nilipofika nyumbani nilijiuliza: ni nani aliyemfundisha kijana yule kwamba kazi yake ni upuuzi usiostahili jina? Ni mimi. Mwenye duka alikuja kuvuna nilichopanda.

Sasa tuitazame lugha. Chukua neno *kinyago*. Kazi hiyo hutaka mti mzuri, patasi kali na jicho lililozoea, lakini mitaani ukimwita mtu kinyago umemtukana sura. Chukua neno *msanii*. Zamani tulilitumia kwa heshima, na leo mtu akituhadaa tunasema "ametufanyia usanii," nasi tunaitikia kwa vichwa. Hivyo jina la mwenye kipaji limegeuzwa jina la mlaghai. Chukua na *tingatinga*, ambalo kisa chake kinahitaji nafasi kubwa zaidi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, na huko mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji waliosoma. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ya kupakia baiskeli. Akachora chui, ndege na tembo, wenye macho makubwa na madoa yaliyopangwa kama mapambo ya nguo. Hawakuwa wanyama wa kitabu cha biolojia. Walikuwa wanyama wa mtu mwenye furaha. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Kazi yake yote ya uchoraji haikuzidi miaka minne. Jamaa na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo ule, na mwaka 1990 wachoraji wake wakaunda chama cha ushirika.

Tazama lugha ilivyomfanya mtu huyu. Leo tunasema "picha za tingatinga" kwa herufi ndogo, kama tunavyosema "picha za ukutani." Vijana wengi wakilisikia neno hilo hufikiria mtambo wa kusukuma udongo. Jina la ukoo la mtu mmoja limekuwa jina la aina ya bidhaa, na chini ya bidhaa hiyo wamefunikwa wachoraji wengi, kila mmoja na mkono wake. Anayepaka madoa kwa ncha ya brashi na anayepaka kwa mikupuo wote kwetu ni "tingatinga." Je, tungekubali diwani za karne nzima ziwekwe kapu moja na kuandikwa juu yake "mashairi," basi?

Kwa vinyago tumefanya vivyo hivyo. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde, alianza kuchonga kwa mpingo viumbe wa ajabu walioitwa mashetani. Ni viumbe waliopinda na kujikunja kwa namna isiyo ya binadamu wala ya mnyama. Baada yake George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwahamishia mashetani hao katika uchoraji na kuwapaka rangi za kila aina, wakawa wanacheka, wana vitumbo na masikio makubwa, wanasengenyana kama majirani kisimani. Hao wawili tunawajua kwa majina kwa sababu kuna waliojali kuyaandika. Kwa waliobaki tunasema tu, "Wamakonde wanajua kuchonga." Kabila halishiki patasi, ndugu zangu. Anayeshika patasi ni mtu mmoja mwenye vidole kumi, kovu la kidole gumba, na watoto wanaomsubiri.

Tuje kwenye kanga, ambayo sisi watu wa lugha tunajidai kuijua. Maneno yaliyoandikwa juu ya kanga tunayaita *jina* la kanga. Kwa miaka mingi kanga mashuhuri za Mombasa zimebeba pia alama ya mfanyabiashara, "K.H.E. Mali ya Abdulla." Silaumu, kwani mwenye mali ana haki ya kuweka alama yake. Lakini itazame kanga hiyo vizuri. Kitambaa kina jina lake, mfanyabiashara ana jina lake. Ni nani aliyechora lile pindo? Ni nani aliyebuni ule msemo wa kijembe uliomnyamazisha jirani? Kwa kawaida kanga haisemi. Tumeandika insha nyingi kuhusu methali za kanga, na mimi nimesahihisha nyingi, wala sikumbuki kuona swali hilo likiulizwa.

Linganisha na ushairi. Sote tumefundishwa kwamba mtunzi wa jadi hujitambulisha mwishoni mwa utungo. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi aliomtungia binti yake, alitaja jina lake na kwamba alizaliwa Pate, na ukaandikwa na mwaka wa Hijria, 1275, ambao ni takriban mwaka 1858. Jina, mji, mwaka. Yule mama alikuwa mgonjwa, lakini hakuona kwamba kujitaja ni majivuno. Alijua kwamba wosia usio na mwenyewe hauna uzito.

Najua majibu yatakayokuja, maana niliyatoa mwenyewe zamani.

La kwanza: "Hizo ni kazi za mzaha, hazina ujumbe." Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Tumewazoesha wanafunzi kuikamua kila kazi mpaka itoe dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo, na isiyotoa hivyo tunaitupa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga ya vita na siasa, na alitunga ya utani na mapenzi. Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyahifadhi mashairi yake hawakuyaandika ya vita kwa jina la Muyaka na ya utani kwa jina la "wenyeji." Mzaha wa Muyaka ni wa Muyaka. Kwa nini mzaha wa fundi wa bati usiwe wake? Tena taifa lenye vitendawili, misimu, na utani wa makabila hata misibani halina haki ya kusema kwamba kuchekesha si kazi ya maana.

La pili: "Hizo ni za watalii." Mnunuzi hageuzi asili ya kitu. Na kama watalii ndio wanaonunua, swali ni kwa nini sisi hatununui. Sebuleni kwetu tumetundika maua ya plastiki na picha za maporomoko ya maji ya nchi tusizozijua, huku jirani yetu anauza kobe wa kuchonga asiyefanana na kobe mwingine duniani.

La tatu: "Wanaigana mno." Ni kweli, na sitawatetea wanaorudufu picha moja mara mia kwa haraka. Lakini fikirini: kama mchoraji hatajwi, ana sababu gani ya kutofautiana na mwenzake? Asiye na jina hana sifa ya kulinda. Kuiga hukua pale ambapo jina limekatazwa. Washairi nao hutumia bahari zile zile, na kinachowatofautisha ni kwamba kila mmoja anajua atatajwa, kwa hiyo anaona haya kurudia ya mwenzake.

La nne ni la wajuzi wa methali: "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Sawa. Lakini methali hiyo inamhusu mgema aliyekwisha kusifiwa. Wetu hatujawahi kumjua hata jina. Mimi nawakumbusha nyingine: chanda chema huvikwa pete. Sisi pete tumemvika mwenye duka.

Basi naomba nini? Siombi serikali wala wafadhili. Naomba jambo dogo ambalo kila msomaji wa hapa anaweza kulifanya wiki hii. Ukinunua kazi ya mkono, muulize aliyeifanya jina lake, mahali anapofanyia kazi, na mwaka. Yaandike nyuma yake kwa kalamu ya wino, jina, mji, mwaka, kama alivyofanya yule mama wa Pate. Ukimwonyesha mgeni, taja jina hilo kabla ya bei. Ukiwa mwalimu, siku moja katika muhula walete darasani mfinyanzi, msuka mikeka au mkata bati, na wanafunzi wamhoji kama wanavyomhoji mshairi. Na ukimkuta mwanafunzi amechora pembezoni mwa daftari, usiichane karatasi. Mwambie aweke jina lake.

Kuku wangu wa bati yuko juu ya kabati la vitabu, kati ya kamusi na diwani. Nilirudi siku ya pili nikampa mwanafunzi wangu msumari, nikamwomba akwaruze jina lake chini ya gurudumu. Alisita. Akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba. Mtu anaogopa kuandika jina lake juu ya kazi yake mwenyewe! Alipomaliza, herufi zilikuwa kubwa na zimepinda, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwomba radhi kwa ajili ya kobe. Akacheka, akasema kobe yule hajafa, bado anamchonga.

Nafunga kwa beti mbili, zisomwe na wenye nia njema:

Ukifika mtaani, ukaona chema kitu,
Usikiite utani, ni mchezo tu wa watu,
Uliza kwanza ni nani, aliyekitia utu,
Alichokifanya mtu, kina jina la mwenyewe.

Andika jina na mji, mwaka uuweke chini,
Yeye ndiye mchongaji, si jini wa msituni,
Mfumaji, msukaji, watajeni hadharani,
Alichokifanya mtu, kina jina la mwenyewe.