“Acha Kucheza” Si Tiba ya Kijana Anayejiandaa kwa Usaili

Kijana wa Mbagala au Tandale anayejiandaa kwa usaili wa shule ya dansi hufanya mazoezi pale anapopata nafasi: barazani, darasani baada ya masomo, au katika ukumbi wa mtaa, mara nyingi juu ya sakafu ya saruji. Kadiri tarehe inavyokaribia, ndivyo miruko inavyoongezwa, usingizi unavyopungua na chakula kinavyokatwa ili mwili uonekane mwepesi. Muundi wa mguu unapoanza kuuma, kijana hupita duka la dawa, akanunua diklofenaki na kuendelea. Kituo cha afya hakiendi, kwa kuwa analijua jibu linalomsubiri huko: “Acha kucheza.”

Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, lakini halitibu. Kwa kijana aliyeweka matumaini yake yote katika usaili mmoja, ni sawa na kuambiwa aache shule. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Hata hivyo, kabla ya kumlaumu anayeficha, wahudumu wa afya wanapaswa kujiuliza kama si wao waliomfundisha kuficha.

Ndoto ya kijana huyo si upuuzi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa, imewafunza Watanzania wengi ngoma, muziki na maigizo hata yakawa kazi yao. Jirani nchini Kenya, watoto wa Kibera wamefundishwa baleti katika madarasa ambayo madawati hutolewa nje kwanza ili ipatikane nafasi. Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa Kuwinda jijini Nairobi, alipata nafasi katika English National Ballet School, London. Mlango ni mwembamba, lakini upo, na anayeuelekea anastahili mashauri ya kitaalamu sawa na yale anayopewa mwanasoka.

Mashauri hayo yaanze na kuelewa kazi inayofanywa na mwili. Sindimba huchezwa kwa magoti yaliyokunjwa na kiuno chenye wepesi, ilhali baleti hudai miguu igeuzwe nje kuanzia nyongani na uzito wote ubebwe na vidole. Anayelazimisha mgeuko huo kwa kuzungusha nyayo pekee huyaumiza magoti na vifundo. Kiasi cha mgeuko hutegemea sana umbo la nyonga alilozaliwa nalo, na hakuna zoezi la wiki 3 litakalolibadilisha. Vivyo hivyo, viatu vya kusimamia ncha za vidole visivaliwe kwa haraka ya usaili. Huhitaji miaka ya mazoezi, nguvu ya kifundo na idhini ya mwalimu anayeyajua.

Mfupa nao una hesabu yake. Kila mruko huuchosha kidogo, na wakati wa mapumziko mfupa hujijenga upya. Miruko ikizidi mapumziko, hutokea ufa mdogo unaotokana na mkazo. Dalili yake inatambulika: maumivu ya mahali pamoja, yanayoamshwa na kidole kimoja kikibonyeza mfupa, yanayozidi kwa kuruka na kupungua kwa kupumzika. Tabibu akumbuke kwamba picha ya eksirei inaweza kuonekana safi katika wiki 2 au 3 za mwanzo. Picha safi isimfanye amwambie mgonjwa kwamba hana kitu; amlinde kana kwamba ufa upo, kisha amchunguze tena.

Nyuma ya ufa huo mara nyingi kuna njaa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilichapisha tamko kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ikieleza kuwa mwili usiolishwa kulingana na kazi yake hudhoofisha mifupa, homoni, kinga na hata hali ya akili. Kwa msichana, hedhi ndiyo shahidi wa kwanza. Ikikoma kwa miezi 3, au ikiwa haijaanza hadi umri wa miaka 15, achunguzwe. Asipongezwe kwa wembamba wake. Chakula kinachohitajika hakipo mbali: ugali, maharage, dagaa, mchicha, mayai, maziwa na karanga, pamoja na chungwa linalosaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai inywewe mbali na mlo, kwa sababu huyazuia madini hayo.

Dawa za maumivu zina nafasi yake, lakini si kiatu cha pili cha mchezaji. Diklofenaki hunyamazisha onyo huku ufa ukiendelea kupanuka, na ikimezwa siku nyingi bila chakula na maji ya kutosha huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Isitoshe, siri yenyewe haidumu: katika baadhi ya shule kubwa za baleti Ulaya, mwombaji anayefika hatua za mwisho huchunguzwa pia na mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa hiyo mhudumu aseme nini badala ya “acha kucheza”? Kwanza aulize: usaili ni lini? Tarehe hiyo ndiyo msingi wa mpango. Mwenye dalili za ufa wa mfupa asiruke kabisa hadi aruhusiwe, lakini anaweza kuendelea na mazoezi ya mikono, mgongo na tumbo akiwa ameketi au kulala. Mwenye maumivu mepesi ya misuli apunguziwe miruko, ihamishiwe sakafu ya mbao au ardhi laini. Mzima wa afya naye aelezwe kuwa wanariadha hupunguza wingi wa mazoezi kwa takriban nusu katika wiki 2 za mwisho, huku wakidumisha kasi na umahiri, na kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Mwenye seli mundu asifukuzwe katika dansi. Awe na maji, mapumziko ya mara kwa mara na mpango wa kliniki yake, na maumivu yake ya mifupa yasidhaniwe kuwa uchovu wa mazoezi.

Ipo siku ambapo jibu la haki litakuwa: usaili huu usiende. Shingo ya mfupa wa paja ikiwa na ufa, kuruka kwa dakika chache kunaweza kuuvunja kabisa na kuleta ulemavu. Lakini neno hilo litapokewa tu likitoka kwa mhudumu aliyemsikiliza kijana tangu mwanzo, akamweleza sababu mbele ya mzazi na mwalimu wake, na akampa mpango wa kumfikisha kwenye usaili wa mwaka unaofuata.