Hazina ya Mahame Si Mali ya Mwenye Mashine



Imeenea katika pwani yetu kazi ya kupitisha mashine za kutambua metali katika mahame na magofu ya wazee wetu. Pale mashine inapolia, watu huchimba. Watafutacho ni dhahabu, rupia za Mjerumani na sarafu za masultani. Wengine hutanguliza mganga na kuku, ati kumridhisha jini mwenye mali. Hao jibu lao ni fupi: anayemchinjia jini ameiuza imani yake kabla hajaiona hata pesa moja.

Maneno yetu khasa ni kwa wale wanaojikinga kwa dini. Husema: "Hii ni rikazi. Mtume (s.a.w.) ameamrisha itolewe khumsi. Nitatoa sehemu moja katika tano, na nne zilizobaki ni halali yangu." Hiyo ni hoja ya mtu aliyesoma mwisho wa mas-ala akaacha mwanzo wake.

Rikazi ni nini? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kuwa ni mali iliyozikwa na watu wa zama za jahilia, ikapatikana katika ardhi isiyo na mwenyewe. Mali yenye alama ya Uislamu, kama aya ya Qur'ani au jina la mfalme wa Kiislamu, si rikazi. Mwenyewe akijulikana, ni yake. Asipojulikana, hukumu yake ni ya luqata, yaani kitu kilichookotwa, nacho hutangazwa mwaka mzima.

Sasa zitazameni sarafu za Kilwa. Upande mmoja pana jina la Sultani na la baba yake. Upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Je, iko alama ya Uislamu iliyo wazi kuliko hiyo? Na huyo mwenye mashine ametangaza wapi? Msikitini au sokoni? Mwenye nia ya kutangaza hachimbi usiku wa manane. Tena luqata ni kitu ulichokiokota, si kitu ulichokivunjia sakafu ya mwenzio.

Na ardhi je? Mahame mengi yana wenyewe: ama ni ya watu wa mji, ama ni wakfu, ama yamo katika hifadhi ya serikali. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na Kenya ina sheria yake ya 2006. Zote zakataza kufukua bila ya kibali.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Ameeleza kuwa Sultani Hasan bin Suleiman alikuwa akiitenga khumsi ya ngawira katika hazina ya peke yake, akiwapa masharifu waliomjia. Leo sarafu za mtu huyo zachimbwa kwa kisingizio cha khumsi!

Ipo na khasara ya elimu. Sarafu za Kilwa hazina tarehe. Umri wake hujulikana kwa tabaka ya udongo zilimolala na vitu zilivyolala navyo. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, wataalamu walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Mafatimi, zenye tarehe. Kwa kukutwa pamoja, ilidhihirika kuwa watawala wa Kiislamu wa pwani hii walikuwa na sarafu zao katika karne ya 11. Lau angetangulia mwenye mashine, dhahabu ingeyeyushwa kwa sonara na fedha ingetawanyika. Kesho mtu akisema wazee wetu hawakuwa na dola wala elimu, tungemjibu kwa ushahidi gani?

Basi, enyi wazazi, waambieni vijana wenu: ufukara si ruhusa ya kuiba, na kaburi lililobomoka bado ni nyumba ya Mwislamu. Mkikuta sarafu mnapochimba kisima au msingi, iacheni pale pale, muwaite wazee wa mji na watu wa makumbusho. Na mwenye kuletewa kitu cha mahame akinunue, asikubali, kwani asiyekuwapo mnunuzi hakuna mchimbaji.

Mwenyezi Mungu atuepushe na mali ya haramu. Amin.