VAT: Msamaha Usiosamehe

Kati ya Thika na Ruiru pana vyuo vingi vinavyofunza uhasibu na biashara, na ni nadra mwanafunzi wa masomo hayo kuhitimu bila kukutana na ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT. Hofu yangu ni kwamba wengi huujua kama hesabu tu: shika bei, ongeza asilimia 16, mambo yamekwisha. Ugumu wa ushuru huu haumo katika hesabu. Umo katika maneno mawili ya sheria ambayo raia huyadhania kuwa ni mamoja: kutozwa kwa kiwango cha sifuri, na kusamehewa.

VAT ilianza kutozwa nchini mwaka 1990 mahali pa ushuru wa mauzo. Mfanyabiashara aliyesajiliwa humtoza mnunuzi, huondoa humo VAT aliyoilipa mwenyewe aliponunua mahitaji yake, kisha salio huipelekea Serikali. Tutazame mananasi ya mikebe yatokayo Thika. Yanapouzwa ng'ambo hutozwa kiwango cha sifuri: mnunuzi hatozwi kitu, na mwenye kiwanda ana haki ya kudai arudishiwe VAT aliyolipia mikebe na umeme.

Shule nayo imesamehewa. Karo haina VAT. Lakini shule inaponunua kompyuta, madawati au umeme, hulipa ushuru huo na haina njia ya kuudai. Mzigo huingia katika gharama, na hatimaye humwangukia mzazi. Huo ndio msamaha usiosamehe.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mawakili na wahasibu. Siafiki hata kidogo. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza kuuondoa mkate wa kawaida katika kiwango cha sifuri na kuutoza asilimia 16. Pendekezo hilo lilitupwa, na mwezi huo huo wa Juni Rais akakataa kuutia sahihi mswada wenyewe, baada ya vijana kumiminika barabarani na baadhi yao kupoteza maisha. Asilimia 16 kila mtu aliiona. Je, mswada mwingine ukija kusema kwamba mkate "umesamehewa", tutashangilia, ilhali mwokaji asiyeweza tena kudai VAT ya umeme na karatasi za kufungia atalazimika kupandisha bei?

Kwa hivyo nawasihi walimu: somo hili lisingoje chuo kikuu. Lifike katika madarasa ya biashara ya shule za upili, tena lielezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mwanafunzi apewe risiti ya duka la Ruiru na stakabadhi ya karo, kisha aulizwe: ni nani hasa aliyebeba ushuru huu? Atakayeweza kulijibu swali hilo hatahadaiwa na neno tamu la sheria.