WENGI WAPE, LAKINI WENGI WEPI?



Mikutanoni twapenda kusema "wengi wape", kisha twanyosha mikono na kwenda zetu. Jambo likiwa ni ndiyo au siyo, hapana matata. Yakiwa matatu, angalieni sana.

Tuseme watu tisa wa tawi waamua fedha za chama zianzie wapi. Watatu wataka matanga, halafu karo, halafu akiba ya mgomo. Watatu wataka karo, halafu akiba, halafu matanga. Watatu wa mwisho wataka akiba, halafu matanga, halafu karo. Pigeni kura mbili mbili: matanga yaishinda karo 6 kwa 3, karo yaishinda akiba 6 kwa 3, na akiba nayo yayashinda matanga 6 kwa 3! Mfaransa Condorcet aliyaeleza mambo haya mwaka 1785.

Basi nani ataamua? Mwenyekiti. Akiitaka akiba, huanza na matanga na karo. Akiitaka karo, huanza na akiba na matanga. Sisi wa reli twajua ya kuwa anayegeuza njia ndiye apelekaye gari, hata dereva akiwa mwingine.

Wengine watasema tupige kura moja tu, kama Gavana wa Migori au wa Homa Bay achaguliwavyo tangu 2013: mwenye nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata zisipofika nusu. Hapo kuzunguka hakuonekani, lakini kupo.

Si kila jambo huzunguka. Mkutano ukiwa wa kufanywa Migori, Rongo au Homa Bay, watu wa Migori hutaka kwao, lakini huona Rongo ni afadhali kuliko kwenda mpaka Homa Bay. Wa Homa Bay vivyo hivyo. Rongo iko katikati ya safari, hakuna aiwekaye ya mwisho. Duncan Black wa Scotland alionyesha mwaka 1948 ya kuwa mambo yakipangika hivi katika mstari mmoja, lile apendalo mpiga kura wa katikati hushinda.

Kwa hiyo fedha nazo ziulizwe hivyo. Katika kila shilingi 100, matanga yapate 20, 40 au 60? Atakaye 20 ataona 40 ni afadhali kuliko 60. Kisha salio ligawanywe kati ya karo na akiba kwa kura ya pili. Na mpango wa kura ubandikwe ubaoni siku saba kabla, usitolewe mfukoni mwa mwenyekiti tumekwisha keti.

Nitalileta jambo hili mkutano ujao wa tawi. Atakayeniunga mkono na aje mapema, maana mambo ya mwisho huwa hayafikiwi.