Bwawa linalojiendesha lataka jicho la mzazi

Siku hizi baadhi yetu tuliorejea Burundi tunajenga nyumba zenye bwawa la kuogelea, na wenzetu wa mpakani wanatuletea mitambo inayotia dawa yenyewe. Sipingi maendeleo. Ninachohofia ni umeme wetu. Ukikatika na kurudi, pampu huweza kushindwa kuvuta maji huku mtambo ukiendelea kumimina klorini na tindikali. Zikikutana bombani hutoa gesi ya sumu; maji yakianza tena kutembea, gesi hiyo huwafikia watoto waliomo bwawani.

Muuzaji, usilete mtambo usio na swichi ya kuzima dawa maji yanaposimama. Mnunuzi, watoe watoto kwanza, ndipo uwashe pampu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, si mashine.