Mizinga ilihesabiwa, wabebaji hapana



Tarehe 11 Julai 1915, meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilikufa ndani ya mto Rufiji, Tanzania ya leo. Mbele ya pale ilikuwa na sifa: tarehe 20 Septemba 1914 ilizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, kule Zanzibar. Vitabu vinajua jina la mkubwa wake, Max Looff, na hesabu ya mizinga yake: 10.

Meli ilikufa, lakini mizinga haikufa. Waliitoa majini, na watu weusi wakaivuta kwa kamba mpaka Dar es Salaam. Mmoja ulifika Kigoma, ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen kwa kutisha Kongo, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Hata ziwa letu Kivu halikupona: Wajerumani walikamata Idjwi mwaka 1914. Halafu Force Publique ikaingia Tabora, Septemba 1916, na nyuma ya kila askari kulikuwa babu zetu wenye mizigo kichwani. Majina yao nani aliandika? Kule Dar es Salaam kulibaki jina la soko tu, Kariakoo, lililotoka kwenye kikosi cha wabebaji wa Waingereza.

Tunauliza: leo kumebadilika nini? Mfuko wa koltani unapimwa kilo, unaandikwa. Mwenye kuubeba haandikwi. Mlima ukianguka, tunazunguka nyumba kwa nyumba tukiuliza: nani alikuwa mu shimo? Mjane anadai haki, anaambiwa alete uhakikisho.

Sendika inaomba kitu kidogo: kila shimo kaye moja. Asubuhi, kapita aandike jina la kila mwenye kuingia, kijiji chake, na mtu wa kuita. Jioni wahesabiwe wenye kutoka. Bei yake ni kaye na biki.

Wengine wanaogopa: jina likiandikwa, wenye silaha watalitumia. Woga huo si wa bure. Ndiyo maana kaye isilale kwa kapita wala kwa mwenye shimo. Ilale kwa mtu waliyemchagua wachimbaji wenyewe.

Tusingojee mkubwa atuhesabu. Shimo lisilo na kaye, tusiingie.