Jina la Agosti lisikulie mtaji: Haaland, Salah na jezi zilizolala kabatini kwangu



Ijumaa hii, tarehe 15 Agosti 2025, Ligi Kuu ya Uingereza inaanza. Liverpool na Bournemouth, saa 4 usiku kwa saa zetu. Wanaocheza fantasi wanajua mwisho wa kupanga kikosi ni saa 2 na nusu usiku. Tangu wiki iliyopita inbox ya ukurasa huu imejaa maswali ya aina mbili. La kwanza: "Admin, nimuweke Salah au Haaland?" La pili: "Admin, msimu mpya huu nichukue jezi za nani?"

Leo nayajibu yote mawili kwa pamoja, maana ukiyaangalia vizuri ni swali moja. Yote yanauliza: hela yangu ndogo niiweke kwa nani, wakati msimu haujaanza na hakuna anayejua kitakachotokea?

Nianze na kidonda changu.

Agosti mwaka jana nilichukua jezi 24 za Manchester United kutoka Kariakoo, zote zimeprintiwa RASHFORD, namba 10. Jezi moja na kuprinti ilinisimamia 17,000. Jumla 408,000, na hela hiyo niliikopa kwenye kikoba. Hesabu yangu ilikuwa fupi tu: hapa Mpanda United ina mashabiki kila kijiwe, huyu kijana ni jina kubwa, naweka kwenye status, kwisha kazi. Bei 25,000.

Mpaka mwisho wa Novemba nilikuwa nimeuza 11. Desemba akaanza kuachwa nje ya kikosi. Februari akaenda Aston Villa kwa mkopo. Julai mwaka huu ameenda Barcelona, na ile namba 10 sasa anavaa Matheus Cunha. Jezi 13 zilibaki kabatini, yaani 221,000 zimekunjwa kwenye nailoni. Marejesho ya kikoba ya Desemba nililipa kwa hela iliyokuwa ya mbolea ya shamba letu la mahindi kule Kakese. Mama watoto ananikumbusha kila tukipita shambani, na ana haki.

Kosa halikuwa la mchezaji. Yeye alitafuta riziki yake sehemu nyingine kama mtu yeyote. Kosa lilikuwa langu: nilinunua jina, nikasahau kujiuliza bei na muda.

SASA TWENDE KWENYE FANTASI

Kwa ambao hawachezi: fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, wengi tunaiita FPL, ni bure. Sizungumzii mkeka hapa. Unapewa pauni milioni 100 za kwenye simu, unanunua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Hairuhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Wakifunga, wakitoa pasi ya goli, au timu yao isiporuhusu goli, wewe unapata pointi. Kepteni wako pointi zake zinazidishwa mara mbili.

Kila mchezaji ana bei, na bei ya Agosti inapangwa zaidi kwa kuangalia alichofanya msimu uliopita. Hapo ndipo somo lilipo. Mwangalie Erling Haaland:

Msimu wa 2022/23 alianza kwa bei ya milioni 11.5. Alifunga magoli 36, rekodi ya ligi hiyo.
Msimu wa 2023/24 bei ikapanda hadi milioni 14. Magoli 27.
Msimu wa 2024/25 bei ikafika milioni 15. Magoli 22.

Huyo ni mshambuliaji hatari bado, hakuna ubishi. Lakini aliyemnunua kila Agosti alilipa zaidi na akapata pungufu.

Mwangalie na Cole Palmer. Alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba 2023, kwenye fantasi anauzwa milioni 5 tu, bei ya mchezaji wa benchi. Msimu huo alifunga magoli 22 na akamaliza kinara wa pointi za fantasi. Agosti iliyofuata bei yake ikawa milioni 10.5, zaidi ya mara mbili. Akafunga 15.

Na wazee wa zamani mnakumbuka 2015/16, Leicester City inachukua ubingwa. Riyad Mahrez alianza kwa milioni 5.5, Jamie Vardy kwa milioni 6. Mmoja alifunga 17, mwingine 24. Agosti ile nani aliwataka?

Sasa mtu ataniambia, "Admin, kwa hiyo tusinunue majina makubwa?" Hapana. Mohamed Salah msimu wa 2023/24 alifunga magoli 18, watu wakaanza kusema umri umeenda. Kwa hiyo msimu uliofuata bei yake ilibaki palepale milioni 12.5. Nini kikatokea? Magoli 29, pasi za magoli 18, pointi 344 za fantasi, hajawahi kutokea mtu wa kufika hapo. Jina kubwa lililipa sana kwa sababu lilinunuliwa wakati kelele zimepungua.

Msimu huu wa 2025/26 Salah ameanza kwa milioni 14.5. Kelele zimerudi.

MAONI YANGU YA MSIMU HUU

Nikiwaweka Salah na Haaland wote, nimetumia milioni 28.5. Zinabaki milioni 71.5 kwa wachezaji 13, wastani wa milioni 5.5 kila mmoja. Inawezekana, ila kikosi kinakuwa kama duka lenye vitu viwili vya bei kali mbele na rafu tupu nyuma. Mimi namchukua mmoja tu. Nitaanza na Salah, maana penalti za Liverpool ni zake. Ila najua tangu leo kwamba AFCON inaanza Morocco tarehe 21 Desemba na Misri itamhitaji. Wa fantasi wameliona hilo, na Desemba watatujazia nafasi za kubadili wachezaji hadi tano. Kwenye biashara hakuna wa kukujazia.

Alexander Isak, milioni 10.5: simgusi. Mtu ambaye leo hajulikani atavaa jezi ya nani Septemba, huwezi kumpa hela yako Agosti. Alifunga magoli 23 msimu uliopita, sawa, lakini mchezaji asiyecheza hana pointi.

Florian Wirtz wa Liverpool na Viktor Gyökeres wa Arsenal: wageni wenye sifa kubwa. Ligi ni ngeni kwao. Nawapa wiki nne niwaangalie.

Bryan Mbeumo, milioni 8: alifunga 20 akiwa Brentford, sasa yuko United. Hapa roho inanituma, ila nakumbuka zile jezi 13. Naye Desemba anaweza kuitwa na Kamerun.

Mabeki: msimu huu wa 2025/26 kuna kanuni mpya. Beki akifikisha jumla ya 10 kwa kuondosha mipira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mipira, anapata pointi 2 hata kama timu yake imefungwa. Wapo mabeki wa milioni 4.5 na 5 wanaofanya kazi hiyo kila wiki na hakuna anayewaimba. Hao ndio nawajaza.

TURUDI DUKANI

Mabosi, kwenye fantasi ukikosea una nafasi moja ya kubadili mchezaji kila wiki bila gharama. Ukizidisha, unakatwa pointi 4. Maumivu yanaishia kwenye simu. Sisi wa Mpanda tukikosea, mzigo umeshasafiri kutoka Kariakoo kwa basi mpaka stendi, nauli ya mzigo imelipwa, na hakuna muuzaji wa jumla anayerudisha jezi yenye jina la mtu aliyehama. Kwa hiyo inabidi tuwe waangalifu kuliko wacheza fantasi. Haya ndiyo ninayofanya tangu nipigwe:

1. Nunua jezi bila jina, printi kwa oda.
Jezi ya United bila jina itauzika Agosti, itauzika na Machi. Ukishaiprinti, umeifunga na maisha ya mtu mwingine. Angalia wiki hizi chache tu: Luis Díaz ametoka Liverpool kwenda Bayern, Son Heung-min ametoka Tottenham kwenda Los Angeles, Darwin Núñez kaenda Al-Hilal. Na msiseme ni mambo ya Ulaya. Stephane Aziz Ki alikuwa mfungaji bora wa ligi yetu 2023/24 na magoli 21, mwaka huu Yanga wamemuuza Wydad. Clatous Chama alivuka kutoka Simba kwenda Yanga Julai 2024. Aliyekuwa na jezi nyekundu za CHAMA siku ile alipata kilio kama changu.

2. Jina liuze kwenye picha, hela ije kwanza.
Najua mtanibishia: "Jezi bila jina haivutii kwenye status." Kweli kabisa. Basi printi moja ya mfano, ipige picha nzuri mchana kwenye mwanga, iweke. Mteja akisema anataka, atangulize angalau gharama ya jezi na kuprinti, ndipo uende kwa fundi. Anayetaka kweli atalipa. Anayesema "niwekee, nakuja" huyo ni kama Isak, mwache kwanza.

3. Weka kikomo.
Fantasi inakuzuia kuchukua zaidi ya watatu klabu moja. Wewe jizuie mwenyewe. Kwenye jezi kumi, zisizidi tatu za timu moja, hata kama wewe ni shabiki wa kutupwa. Mimi mwenyewe United ilinipofua macho.

4. Jaza mabeki.
Mabeki wa biashara hii ni soksi, bukta, vizibao vya mazoezi, seti za timu za mtaani na jezi za watoto. Timu ya ndondo kutoka Makanyagio au Kawajense ikiagiza seti moja ni jezi zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja, na majina ni ya kwao wenyewe. Hawahami kwenda Barcelona. Faida kwa moja ni ndogo, ila inaingia kila wiki.

5. Soma ratiba ya hela ya Katavi.
Mcheza fantasi mzuri haangalii jina tu, anaangalia anacheza na nani wiki tano zijazo. Ratiba yetu unaijua. Sasa hivi watu wametoka kuvuna, hela ya mpunga wa Mpimbwe na ya tumbaku bado inatembea mifukoni. Huu ndio wakati wa kuuza. Mvua zikianza, hela inageukia mbegu na mbolea. Januari ni sare na madaftari. Kwa hiyo mzigo mkubwa uwe umeisha kabla ya Novemba. Usinunue Oktoba ukitegemea Krismasi itakuokoa.

6. Acha hela ya kubadili.
Mimi sasa kwenye kila laki ninayopanga kununulia mzigo, elfu 30 haitoki. Kitu kikianza kutembea ambacho sikukitarajia, nina hela ya kukifuata. Mfano uko mbele yetu: Taifa Stars wameshinda mechi tatu za kwanza za CHAN hapa nyumbani, na Jumamosi Mzize kafunga mawili dhidi ya Madagascar. Nani alikuwa ameweka jezi za Stars za kutosha? Wengi tulikuwa tumezika hela kwa Wazungu. Na Desemba Stars hao hao wako AFCON, kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Jezi ya Stars haihitaji jina la mtu. Ila nayo chukua kidogo kidogo, maana wakitolewa mapema unabaki nayo.

Mimi sisemi utabiri wa Agosti ni upuuzi. Nausoma, naupenda, na Ijumaa saa 2 usiku mtanikuta nabadilisha kepteni kwa mara ya saba. Ila utabiri ni wa kuchezea pauni za kwenye simu. Hela ya kikoba, hela ya mbolea, hela ya ada, hizo usizifunge mgongoni kwa mtu ambaye hajui hata kama wewe upo.

Zile jezi 13 nimeshauza tano kwa 8,000 kwa vijana wa mgodini, wanavalia kazini. Nane bado zipo. Kama kuna mwenye timu ya mtaani anayetaka seti ambayo wote wanaitwa Rashford, inbox iko wazi, bei tutaelewana.

Haya, tuambiane kwenye komenti: msimu uliopita ni jina gani lilikulalia dukani, na ulilitoaje? Mwenzako ambaye kesho anatuma hela Kariakoo anaweza kupona kwa komenti yako.

Biashara njema mabosi.